iPhone Haikukingi na Mtu Anayejua Namba Yako ya Siri

Wadau, wiki hii mjini ni stori moja tu. Dada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, picha zake za chumbani zimezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mtu anakuja na lile lile: "Angekuwa na iPhone yasingemkuta."

Hapo ndipo ninapochoka. Dada anayo iPhone! Kila siku anajipiga nayo kwenye kioo, hamuioni?

Sibishi kwamba iPhone inajali faragha. Tangu Aprili 2021, programu ikitaka kukufuatilia huko kwingine unakopita mtandaoni, lazima ikuombe ruhusa, na unaweza kuikatalia. Meta, wenye Facebook na Instagram, walikadiria kuwa mwaka 2022 jambo hilo lingewakosesha kama dola bilioni 10. Ila anayebanwa hapo ni mtu wa matangazo. Ex wako uliyempa namba ya siri mkiwa kwenye mahaba hata habanwi. Wale mastaa wa Hollywood ambao picha zao zilivuja 2014, wezi waliwatumia barua pepe za uongo wakijifanya Apple, wenyewe wakatoa maneno yao ya siri. Basi, mlango ukafunguka.

Mimi nipo Android na sihami leo wala kesho. Napata simu ya bei yangu, na APK naweka hata ya kurushiwa na mshkaji bila kupitia Play Store. Kwa iPhone, Ulaya ilibidi sheria iwabane Apple ndio wakaruhusu maduka mengine ya programu mwaka 2024. Huku kwetu bado.

Sasa uhuru wenyewe tunaufanyia nini? Tunaweka GB WhatsApp! Eti uone status za watu kimyakimya na usome meseji walizofuta. Unamchungulia mwenzio, huku meseji zako zote zinapita kwenye programu ambayo WhatsApp wenyewe hawaitambui na wanaweza kukufungia akaunti kwa ajili yake. Nilikuwa nayo mwaka mzima, nisiwe mnafiki. Niliitoa siku mdogo wangu aliponiuliza, "Kaka, hii kaitengeneza nani?" Nikakosa jibu.

Kwa hiyo ukiwa na hela na hutaki kuhangaika na mipangilio, chukua iPhone. Ukitaka uhuru wako, njoo Android ila ujue unachokiingiza. Lakini msimsute yule dada kwa ajili ya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana anayesambaza picha za ngono, na humo kwenye magrupu tunasambaza tukicheka.

Mimi nimetumiwa na magrupu manne. Hakuna hata moja lililouliza nani kaanza kuzituma. Wewe umezipata kwa nani, na ukamtumia nani? Funguka hapo chini.