Baba Nuru na Sangara Wake

Mwezi huu naomba tuzungumzie jambo linalozitikisa nyumba nyingi za vijana wenye kazi zao hapa mjini: mwenzi wako ana starehe yake, anaipenda kufa, na wewe utamu wake huuoni hata ukipewa tochi. Kwa wengine ni mpira, kwa wengine magari. Kwangu mimi ni samaki.

Sisemi samaki wa kula. Hao sisi wa Buguruni hawatusumbui, ukiwa na hela yako unateremka sokoni unachagua. Baba Nuru, mtoto wa Mwanza, anapenda kumvua sangara mkubwa kwa mshipi mmoja, kisha anampiga picha na kumrudisha majini. Ndiyo, umesoma vizuri. Anamrudisha! Shangazi yangu alipolisikia hilo aliniuliza, "Mwanangu, huyo mume ni mzima kweli?"

Kwa wasiomjua, sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, akawatafuna furu mpaka aina nyingi zikatoweka, na kufikia miaka ya 1980 akawa ndiye bwana mkubwa wa ziwa. Viwanda vya minofu vya Mwanza vikasimama kwa ajili yake, na walalahoi wakabaki na mapanki. Anaweza kupita kilo 100: mwaka 2000, Ziwa Nasser kule Misri, alivuliwa kwa mshipi mmoja wa kilo 104 na ushee.

Wavuvi wa riziki wanamtafuta kwa nyavu au kwa kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Wa starehe anakaa kwenye boti inayokwenda taratibu kando ya miamba, anaburuta chambo cha bandia chenye umbo la samaki mdogo, anasubiri. Unaweza kumaliza siku nzima usiguswe. Na akiuma anaruka juu ya maji na kutikisa kichwa. Ukilegeza mshipi kidogo tu, ndoano imechomoka, kwaheri.

Mahali penyewe ni Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara ni marufuku humo, ndiyo maana wakubwa bado wapo. Wa starehe unaruhusiwa kwa kibali.

Ugomvi wetu ulikuwa pesa. Likizo ya Agosti 2025 mimi nilitaka Zanzibar, yeye Rubondo, na kuna kiwanja Chanika tunakilipia kwa awamu. Tukakubaliana: awamu ya kiwanja kwanza, kinachobaki ndiyo likizo, safari hii chaguo lake, ijayo langu. Tukapanda basi Mbezi, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza. Kutoka hapo tukavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, pale watu walipokuwa wakisubiri kivuko, kisha boti hadi kisiwani.

Siku ya kwanza, asubuhi mpaka saa nane mchana, hakuna kitu. Simu haina mtandao. Jua linawaka. Nikiwa nawaza Zanzibar yangu, mwenzangu akasema huku anatazama maji, "Mama Nuru, mkataba wangu kazini hauongezwi. Unaisha Desemba."

Alikuwa analijua hilo kwa miezi miwili! Nyumbani, chumba na sebule, mtoto analia, TV inaongea na majirani wako nyuma ya ukuta, hakupata pa kulisemea. Mle botini tulikuwa tumekaa ubavu kwa ubavu, wote tunatazama mbele, akaweza. Sikupiga kelele. Nilimwuliza akiba iko kiasi gani, tukaanza hesabu: ada ya Nuru haiguswi, kiwanja tuombe kuongezewe muda, kodi naibeba mimi kwa miezi mitatu.

Tukiwa kwenye kodi, mshipi ukalia. Dakika 20 za jasho! Samaki aliyekuja ubavuni mwa boti alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Baba Nuru akamshikilia majini mpaka akapata nguvu, akamwachia. Akanieleza kwamba sangara wakubwa wengi ni majike, na jike mmoja hubeba mayai mamilioni. Siku ile nilimwelewa kidogo.

Sasa msomaji wangu, chukua haya matatu.

Kwanza, nenda naye walau mara moja. Si lazima uipende starehe yake, ila utajua anakimbilia nini, au anakimbia nini.

Pili, starehe iwe na bajeti yake, na zamu ziheshimiwe. Anayevua leo kesho amsindikize mwenzake bila kununa. Rubondo ikiwa mbali na mfuko wako, changeni hela mkodi boti ya mvuvi Msasani au Kigamboni, mtafute changu na kolekole. Popote muendapo, vaeni majaketi ya kuokoa maisha. Na ziwani msicheze kwenye maji ya ukingoni, kichocho kipo.

Tatu, mtafutieni ukweli mahali pa kutokea. Kuna mambo hayasemeki mkiwa mmekodoleana macho mezani. Tembeeni, pandeni boti, hata daladala ya mwisho ya usiku inatosha.

Desemba ilifika na mkataba ukaisha kweli. Kazi ya kudumu bado, anafanya vibarua vya hapa na pale. Lakini ada ya Nuru imelipwa, kiwanja tumeongezewe muda, na hakuna aliyeshtukizwa. Zanzibar yangu imesogezwa mbele, haijafutwa. Nimeiandika kwenye kalenda, na yeye ameweka sahihi!

Tukutane mwezi ujao. Mpende akupendaye.