Bukavu: Windows 10 imeachwa bila ulinzi, mashini za zamani zatafuta njia ya Linux hata bila fleshi

Pembeni ya soko la Nyawera, katika komine ya Ibanda mjini Bukavu, mafundi wa simu na kompyuta wanaijua vizuri aina hii ya mashini: ina miaka minane ama kumi, betri yake imekufa, inawaka tu ikiwa imechomekwa kwenye umeme, kisanduku cha CD hakifunguki tena, na inachukua dakika nyingi mbele ya kuonyesha kitu chochote. Mwenyewe mara nyingi ni mwanafunzi. Ndani yake mna kazi yake ya mwisho wa masomo, na mashini nyingine hana.

Mashini hiyo ilikuwa tayari mgonjwa. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 imeongezewa shida nyingine. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao bado unaendesha kompyuta nyingi za mji huu. Mashini haizimiki kwa sababu hiyo. Inaendelea kuwaka sawa vile jana. Lakini tundu la usalama likigunduliwa kesho, hakuna atakayeliziba, na wezi wa mtandaoni wanajua hilo kuliko mtu yeyote.

Jibu la Microsoft ni kupanda Windows 11. Ni hapo mlango unafungika. Windows 11 inadai kifaa kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa mashini za Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, yaani zile zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2017. Mashini ya 2015 inaweza kuwa na nguvu ya kutosha na bado ikakataliwa. Mwaka 2023 kampuni ya uchunguzi wa soko Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 hivi duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu ya uamuzi huo. Wakaaji wa Kalehe wanaochimba koltani na kasiteriti kule Numbi na Nyabibwe wangeweza kucheka: madini yanayotoka katika udongo wa Kivu yanaingia ndani ya vifaa kama hivi, yanazunguka dunia, kisha yanarudi Bukavu yakiwa tayari yameitwa takataka.

Microsoft iliacha mlango wa dharura: mwaka mmoja wa nyongeza ya ulinzi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa wakaaji wa Ulaya, baada ya mashirika ya watetezi wa wanunuzi kupaza sauti, nyongeza hiyo ni ya bure. Kwa wengine kuna masharti: kulipa dola 30, ama kufungua akaunti ya Microsoft na kupeleka mipangilio ya mashini kwenye ghala lao la mtandaoni, ama kutumia pointi za zawadi za kampuni hiyo. Dola 30 si mlima kwa mtu wa Brussels. Kwa Bukavu, ambako benki zimefunga milango tangu AFC/M23 ilipoingia mjini Februari 2025 na makuta ya mkononi yenyewe yamekuwa haba, kulipa kitu mtandaoni kwa kadi ni hadithi nyingine kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Windows nyingi zinazotembea mjini hazikununuliwa. Bei rasmi ya Windows 11 ya nyumbani ni dola 139 nchini Marekani, na mtu anaweza kupata mashini ya mtumba nzima kwa makuta yanayokaribia hayo. Kwa hiyo fundi anaweka nakala iliyovunjwa kufuli, pamoja na programu ndogo ya kuidanganya Microsoft. Programu hizo ndogo ndizo mara nyingi zinabeba virusi, na kabla ya kuziweka inabidi kuzima kinga ya mashini. Mtu anafungulia mwizi mlango ili mwizi amsaidie kuingiza kitanda.

Ni katika hali hiyo jina la Linux linarudi. Si jipya. Mfini Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991, na moyo wake ndio uko ndani ya kila simu ya Android inayouzwa Nyawera. Ubuntu, moja ya mifumo inayojengwa juu yake, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika ya Kusini. Jandarmeri ya Ufaransa ilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake zinatumia mfumo huo. Kwa upande wa lugha yetu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika yenye menyu za Kiswahili. Mfumo wenyewe ni wa bure, unapakuliwa bila kuvunja kufuli ya mtu, na Linux Mint kwa mfano inatembea vizuri kwenye mashini yenye memori ya giga 4 ambayo Windows inaifanya ikohoe.

Basi kwa nini si kila mtu amehamia? Sababu moja ni ya kijinga kidogo, lakini ndiyo inayokwamisha wengi: maelekezo karibu yote yanaanza kwa kusema "chukua fleshi, iandae, kisha washa mashini kupitia fleshi hiyo". Kwa mashini za Nyawera, sentensi hiyo ina mitego mitatu. Fleshi zinazouzwa sokoni nyingi ni za uongo: juu imeandikwa giga 64, ndani zipo 8, na mfumo ulionakiliwa unafika nusu kisha unaharibika. Matundu ya USB ya mashini ya zamani yamelegea ama yamekufa. Mtego wa tatu ndio mgumu zaidi. Laptop nyingi za mtumba, zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, zilikuwa mali ya kampuni za Ulaya na Marekani, na wakubwa wa huko waliweka neno la siri kwenye programu ya kuwashia mashini ili mfanyakazi asiwashe kitu kutoka nje. Kampuni iliuza mashini, neno la siri likabaki kwa mtu ambaye hakuna atakayemwona.

Hata hivyo kufuli hiyo ina mpaka wake. Inazuia fleshi, haizuii disiki iliyo ndani ya mashini yenyewe. Njia kuu za kuweka Linux bila fleshi zinapita hapo.

Ya kwanza ni ya bisibisi. Fundi anafungua kifuniko cha chini, anatoa disiki, anaichomeka ndani ya mashini nyingine iliyo nzima, anaweka Linux kule, kisha anairudisha kwa mwenyewe. Kwa Windows kazi hiyo mara nyingi inaleta matatizo, kwani Windows inajifunga kwenye vifaa vya mashini ilipozaliwa. Linux inabeba madereva ya vifaa vingi kwa pamoja, na inapoamka ndani ya mashini nyingine inatazama tu kilichopo na kuendelea. Kuna jambo moja ambalo fundi akilisahau atarudishiwa mashini siku hiyo hiyo. Kwenye kompyuta za kisasa kidogo, zile za UEFI, anwani ya mfumo inaandikwa ndani ya mashini iliyotumika kuweka, si ndani ya disiki. Disiki ikirudi kwao, mashini inasema haioni kitu. Dawa yake ni kuiambia programu ya kuwashia, GRUB, ijiandike pia mahali pa kawaida ambapo kila mashini inatafuta kwanza: folda ya EFI, ndani yake BOOT, na faili BOOTX64.EFI. Kifunga-mfumo cha Debian kina swali kamili kuhusu hilo katika hali ya wataalamu. Wengi wanalipita bila kulisoma.

Njia hiyo inafaa hata kwa shule. Ukishaandaa disiki moja vizuri, inaweza kunakiliwa juu ya nyingine kumi, na chumba kizima cha kompyuta kikapata mfumo bila kupakua chochote tena. Haifai kwa laptop ndogo za bei ya chini ambazo disiki yao imebandikwa moja kwa moja kwenye bao la ndani.

Ya pili haidai bisibisi. Inafanyika ndani ya Windows yenyewe, ikiwa bado inawaka. Mwenye mashini anapunguza sehemu ya disiki C, anatengeneza kipande kipya cha giga 5 hivi katika muundo wa FAT32, anafungua faili la Linux alilopakua na kunakili vyote vilivyo ndani yake kwenye kipande hicho. Kipande kinakuwa kama fleshi iliyofichwa ndani ya disiki. Inabaki kuionyesha mashini njia. Baadhi ya HP zina menyu ya kuchagua faili la kuwashia. Kwa zingine kuna programu ya bure, Grub2Win, inayowekwa kutoka Windows na kuongeza chaguo jipya wakati wa kuwasha. Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi: kuanzia 2008 Ubuntu ilikuwa na Wubi, iliyojiweka ndani ya Windows kama programu yoyote, lakini iliachwa mwaka 2013.

Hapo pia kuna shimo. Mfumo unaojiweka hauwezi kufuta tawi ulilokalia. Mtu akichagua "futa disiki nzima" wakati Linux inasomwa kutoka disiki hiyo hiyo, kazi inakwama. Neno "toram", likiongezwa kwenye mstari wa kuwashia, linapandisha mfumo wote ndani ya memori na kuachilia disiki. Kwa mashini ya giga 8 ni sawa. Kwa ya giga 4, Linux Mint yenye karibu giga 3 itabana sana, afadhali kuchagua mfumo mdogo zaidi ama kuacha kile kipande na kukifuta siku nyingine.

Mega nazo zina uzito katika hesabu hii. Giga 3 kwa forfait za simu ni chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa. Debian inatoa faili la kuanzia lisilofika giga moja, na hata jozi ya faili ndogo zisizofika mega 100, lakini hizo zinavuta vilivyobaki kwenye intaneti wakati wa kuweka, na zile ndogo kabisa hazina madereva ya Wi-Fi, kwa hiyo bila kebo ya mtandao zinakwama. Kwa fundi, hesabu ni nyingine: anapakua mara moja usiku, anatumikia wateja mwezi mzima. Njia ya tatu, ya kuwasha mashini kupitia kebo kutoka kompyuta nyingine, inamfaa yeye pia kuliko mteja, na kufuli za kampuni mara nyingi zinaizuia.

Hatari kubwa zaidi mjini Bukavu haitoki kwenye Linux. Inatoka kwa SNEL. Kupunguza sehemu ya disiki ni kusogeza mamilioni ya vipande vya faili, na umeme ukikatika katikati, kwenye mashini isiyo na betri, kazi ya miaka mitatu ya mwanafunzi inaweza kwenda nayo. Kwa hiyo mbele ya kugusa kitu chochote, inafaa faili zihamie mahali pengine: kwenye kadi ya simu, kwenye simu yenyewe kwa kebo ama Wi-Fi, kwenye mashini ya rafiki. Fundi anayeanza kazi bila kuuliza swali hilo, afadhali mteja achukue mashini yake na kuondoka. Inabidi pia kuzima ile "kuwasha haraka" ya Windows, la sivyo Linux itakuta disiki imefungwa nusu, na kuangalia kama BitLocker imefunga faili kwa ufunguo ambao mwenyewe hajui hata kama upo.

Baada ya hapo bado kuna maisha ya kila siku. LibreOffice inafungua faili za Word, lakini meza na namba za kurasa zinaweza kuhama, na kwenye vibanda vya kuchapa kazi mtu atapoteza makuta akileta faili lisilo PDF. Mwanafunzi wa jiografia atakuta QGIS inamtosha. Yule wa uhasibu anayedaiwa kutumia programu ya Sage hatakuwa na raha, na kwake yeye kubaki na Windows kando ya Linux ndani ya disiki moja ni uamuzi wenye akili. Vyuo vikuu vya mji vingeweza kurahisisha mambo kwa hatua isiyogharimu hata franka moja: kupokea kazi katika PDF na kuacha kudai faili la Word kama kwamba ni sheria ya serkali.

Mashini za zamani kabisa, zile za biti 32, nazo muda wao unabana. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kifunga-mfumo kwa ajili yao. Mifumo michache midogo kama antiX bado inazikubali, na fundi mwenye mashini ya namna hiyo mezani anafanya vizuri kupakua nakala yake sasa na kuiweka kando.