Wa mmoja, wa kikundi, wa wote



Watoto wetu wanashinda na simu mkononi, na mega tunalipa sisi. Basi ni vizuri tujue namna mashini hizi zinavyoitana. Kwetu Tshopo jambo hilo si geni: Walokele, watu wa mto, walilifanya kwa lokole zamani sana, mbele ya simu.

Lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Ikilia, wote wanasikia: wa kijiji, wa ng'ambo, wavuvi majini. Lakini si wote wanaoitwa. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu na kuandika kitabu juu ya lokole mwaka 1949, alieleza kwamba jina la mtu katika lokole lina sehemu tatu: lake mwenyewe, la baba yake, na la kijiji cha mama yake. Hivyo hachanganywi na mwingine. Hiyo ndiyo adresi.

Kompyuta na simu nazo zina adresi, za namba. Katika mtandao, ujumbe unatumwa kwa namna tatu.

Ya kwanza, kwa mmoja. Ujumbe unabeba adresi ya mashini moja, na ndiyo inayoupokea.

Ya pili, kwa wote. Simu ikiingia katika Wi-Fi ya ofisi bado haina adresi. Inaita kwa namba 255.255.255.255, maana yake "ninyi wote mlio hapa, nani anagawa adresi?" Wote wanasikia, mgawaji anajibu. Sauti hiyo haivuki nje. Ruta, ile mashini inayounganisha mtandao huu na mingine, inaizuia mlangoni. Bila hivyo, kila simu inayowashwa ingesumbua dunia nzima.

Ya tatu, kwa kikundi. Adresi zinazoanza na 224 mpaka 239 zimewekwa kwa kazi hiyo. Mashini inajiandikisha yenyewe, kama mama anavyoingia likelemba. Mtumaji anatuma mara moja, na mtandao unatoa kopi pale tu njia zinapoachana. Aliyejitoa haletewi tena.

Tusidanganyike: kikundi cha WhatsApp si namna hii ya tatu. Humo kila mtu anapata kopi yake, kwa mega zake. Video moja ikifunguliwa na wamama 40, imelipiwa mara 40. Tangazo la mkutano linatosha kwa maneno mawili.

Na kuna jambo zito kuliko mega. Mama amekosa kuleta mchango kwa sababu mtoto amelazwa. Kumuuliza ni ujumbe wa mtu mmoja. Ukiandikwa katika kikundi, deni lake linasomwa na wakwe, majirani na watoto wanaoshika simu za mama zao. Kesho haji tena mkutanoni, na chama kimempoteza mtu kwa sababu ya adresi.

Lokole haiwezi kunong'ona, simu inaweza. Lakini katika kikundi hakuna ruta ya kuzuia neno mlangoni. Mlango ni sisi.

Kwa hiyo, mbele ya kutuma, tujiulize: ni wa nani? Siku ya chanjo, ni wa wote. Zamu ya likelemba, ni wa kikundi. Deni, ugonjwa na mambo ya nyumba, ni ya mmoja, na mara nyingi afadhali tumwendee kwa miguu.

Mpaka juma lijalo.