Sonona migodini si pepo wala uvivu

Kuanzia Songwa wilayani Kishapu hadi Nyarugusu mkoani Geita, riziki ya wengi imo ardhini. Mchimbaji mdogo akimaliza miezi duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, bila kuona dhahabu, madeni huongezeka na nyumbani wanasubiri chakula. Akianza kukosa usingizi, kujitenga na kukata tamaa, majirani husema ni mvivu au amerogwa. Huenda anaugua sonona.

Ugonjwa huu hauna chanzo kimoja. Urithi, misiba, umaskini, ulevi, ukatili na maradhi ya muda mrefu huchangia. Migodini kuna hatari nyingine: zebaki. Inapochomwa ili kuipata dhahabu, mvuke wake hushambulia mfumo wa fahamu na kuleta mitetemeko, usahaulifu, kukosa usingizi na hata sonona. Wanawake na watoto walio jirani huuvuta pia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mkataba huo uonekane kwenye mialo ya kuchenjulia. Wizara ya Madini iwafikishie wachimbaji wadogo vifaa vya kunasa mvuke kwa bei wanayoimudu. Halmashauri nazo zihakikishe kila zahanati ya maeneo ya migodi ina mhudumu anayeweza kuitambua sonona na kumpeleka mgonjwa kwa wataalamu mapema.

Familia na viongozi wa dini wana wajibu wao: kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumhukumu. Sonona inatibika, na kila anayeachwa bila tiba anaonewa.