Protini Inapozidi Kiasi Chake

Mzee aanzapo kutetemeka mikono na kuburuta miguu, watu wengi husema kuwa ni uzee tu, na wengine hudhani amerogwa. Dhana zote mbili zina madhara, kwa kuwa humwacha mgonjwa bila tiba.

Maradhi ya Parkinson hutokea zinapokufa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea bila shida. Mwaka 1997 ilidhihirika kwamba mabonge yanayoonekana ndani ya seli hizo yamejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hiyo si ngeni mwilini. Kila mwenye afya anayo. Madhara huanza inapozidi na kuganda pamoja.

Mwaka 2003 watafiti walieleza habari za ukoo mmoja wa Marekani ambao wagonjwa wake walirithi nakala nne za jeni ya protini hiyo badala ya mbili za kawaida. Protini yao haikuwa na kasoro yoyote ya umbo. Ilikuwa nyingi mno, na wingi huo ulitosha kuleta maradhi mapema na kwa ukali. Mwaka 2004 zilitambuliwa familia za Ulaya zenye nakala tatu. Kwao maradhi yalichelewa na yakawa mepesi zaidi. Wagonjwa walio wengi hawana nakala za ziada, lakini mabonge ya protini ile ile huonekana katika ubongo wao pia.

Je, tiba ni kuipunguza protini hiyo? Tumaini lipo, ingawa dawa mbili za kingamwili, ambazo matokeo ya majaribio yake yalichapishwa mwaka 2022, hazikufikia lengo lililokusudiwa.

Wakati huo huo, levodopa imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Haiyaondoi mabonge, lakini humwezesha mgonjwa kutembea na kula kwa mkono wake. Hata hivyo, utafiti wa wilayani Hai, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliopatikana walikuwa hawajawahi kutambuliwa.

Maabara na ziendelee kuichunguza protini. Lakini hapana budi waganga wa vijijini wafundishwe kuyatambua maradhi haya, na levodopa ifike katika zahanati. Mgonjwa wa leo hawezi kungoja ugunduzi wa kesho.