Kabla ya Krimu, Maji

Mtu akiungua uso hapa Tanga, ubishi huanza papo hapo: apakwe asali, shubiri, dawa ya meno, au krimu ya silva salfadiazini? Dawa ya meno haifai kamwe. Krimu hiyo, iliyobuniwa miaka ya 1960, huzuia vijidudu lakini yaweza kuchelewesha kupona. Tafiti kadhaa zimeonyesha asali safi ya kitabibu ikiponya upesi zaidi. Hata hivyo, tiba ya kwanza haiuzwi dukani: ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, kisha hospitali. Nawauliza basi watumishi wa umma: mama wa Handeni anayenunua maji kwa ndoo atayapata wapi ya dakika 20? Bomba nalo ni dawa.