Kosa la Pamoja Halifuti Haki ya Fidia

Katika barabara kuu iendayo Zambia, kuanzia Vwawa hadi Mpemba na Tunduma, malori makubwa hutumia njia moja na bodaboda, mikokoteni na watoto wa shule. Ajali ikitokea, majeruhi huambiwa: "Hata wewe ulikuwa na kosa." Kwa kauli hiyo hupewa fedha kidogo za dawa, akatia saini karatasi asiyoielewa, na dai lake likazikwa hapo.

Hiyo si sheria ya nchi yetu. Ni kweli kwamba zamani sheria ya Uingereza ilimnyima fidia kila aliyechangia ajali, japo kidogo. Waingereza wenyewe waliiacha kanuni hiyo mwaka 1945. Kwetu, Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania huitaka mahakama ipunguze fidia kwa kadiri ya kosa la mdai, si kuifuta. Tuseme hasara ni shilingi 20,000,000, na mwenda kwa miguu ameonekana kuchangia kosa kwa asilimia 30. Atapunguziwa shilingi 6,000,000; shilingi 14,000,000 zilizobaki ni haki yake, wala si hisani ya mtu.

Wananchi wafahamu pia kwamba faini anayotozwa dereva si fidia. Faini huingia Serikalini. Fidia hudaiwa kwa shauri la madai, na muda wake ni miaka 3. Umaskini wa dereva nao si mwisho wa dai, kwa kuwa bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kwa kila gari. Kwa magari yavukayo mpaka, ipo Kadi ya Njano ya COMESA.

Hatusemi haya ili kutetea uzembe. Mwendesha bodaboda asiyewasha taa usiku anajipunguzia fidia kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kila mmoja abebe sehemu yake tu, si mzigo wote.

Walimu na watendaji wa kata ndio wanaoendewa kwanza na mjane au majeruhi aliyeshika karatasi mkononi. Hawana budi kumshauri atunze PF3 na stakabadhi za hospitali, apate majina ya mashahidi, na asitie saini kabla ya kusomewa na kueleweshwa. Haki isiyojulikana kwa mwenyewe ni mali ya mjanja.